Programu Uliyoichagua kwa Sauti Yangu

Woodley, Jumamosi mchana

Mwende wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nakujua, utarudi na nusu yao wakitaka chai, kwa hivyo naandika haraka kabla nyumba haijajaa. Kesho baada ya ibada unahamia Kinoo, kwa kazi yako ya studio. Baba yako ananiambia niache kununa, ati Kinoo si ng'ambo, mtu anaweza kuja kula chajio na kurudi. Nimemuuliza, kwani ni wewe ulimzaa? Ameenda kuangalia kama sanduku lako limefungwa vizuri. Ni mara ya tatu analiangalia, na yeye ndiye anasema Kinoo ni hapa tu.

Sitakuandikia mambo ya kufunga gesi na kuanika shuka. Hayo unayajua kunishinda. Nataka kukuandikia juu ya ile programu yako ya kurekodi, na juu ya jana. Jana ulikuwa unakunja nguo ukaniambia bila kuniangalia, "Mum, studio ya Kinoo wanatumia ile kubwa. Mimi najua tu hii yangu ya bure. Wataniona mshamba. Nitaanza upya kama mtoto wa nasari." Nami nikanyamaza, ukadhani sina la kusema. Ninalo, mwanangu, tena mengi. Lakini unajua sauti yangu siku hizi ikifika jioni inakatika, na sikutaka maneno haya yakatike katikati. Ndiyo maana ya kalamu.

Wacha nianze pale uliponishangaza. Daktari aliponiambia uvimbe wa shingoni lazima utolewe, nilimuuliza swali moja tu: nitaimba? Hakunidanganya, Mungu ambariki. Alisema mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo penye uvimbe, wataujali, lakini hawezi kuniahidi sauti ile ile. Akanipa tarehe. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikawapakulia, nikawaambia mkiwa mnakula. Baba yako aliweka kijiko chini. Wewe ulimaliza kutafuna, ukameza, ukasema, "Basi tukurekodi kabla." Hivyo tu! Msichana aliyemaliza shule ya upili juzi, ambaye hajawahi kurekodi hata kuku. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Lazima nikueleze sauti ile ilikuwa nini kwangu, maana sijawahi kukwambia. Nilipokuja Nairobi kutoka Machakos sikujua mtu. Niliingia kanisa hili Jumapili moja nikakaa nyuma kabisa, nikaimba, na kabla ibada haijaisha wanawake wa mbele walikuwa wamegeuka kuangalia ni nani. Wiki iliyofuata nilikuwa soprano wa kwanza. Marafiki, mchumba, hata duka la mapazia kule Ngara, vyote vilikuja kwa mlango huo. Baba yako atakwambia alipenda tabia yangu. Muongo. Alikuwa teno, alikuwa anakaa nyuma yangu, alipenda sauti.

Sasa ona nilichofanya. Wewe ulisema turekodi, na mimi nikaunda kamati.

Usicheke. Unajua watu wa kanisa letu, hata ufagio haununuliwi bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Niliona kwamba sauti ya soprano wa kwanza si jambo la mtoto kuamua jikoni peke yake. Mama Wanjiku wa alto akawa mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye huwa mwenyekiti. Mwalimu Kioko anayetufundisha nyimbo akawa katibu. Tulianza kwa maombi, tukafunga kwa maombi, na katikati tukabishana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikuwa amekiona kwa macho. Mama Wanjiku alitaka ile programu aliyotumia mkwe wake kwenye harusi, ambayo baadaye tuligundua ni ya kurembesha picha. Mwalimu Kioko alitaka iliyo na kinanda ndani. Mimi nilitaka inayotumiwa na studio kubwa. Nilijiambia, sauti kama yangu kweli iwekwe ndani ya kitu cha bure? Kiburi hicho, Mwende, na wakati huo tarehe ya daktari ilikuwa inakuja na haikuwa mwanachama wa kamati.

Wewe ulikuwa unakaa kando na kompyuta yako ya mitumba magotini, ukitupikia chai, ukisikiliza. Mkutano ukiisha unaniuliza, "Mum, mmeamua?" Nakujibu tumeahirisha. Tumeahirisha hadi Jumapili. Tena hadi Jumapili.

Mwisho nikaona kamati inachelewesha, nikabeba kompyuta yako nikaenda mwenyewe kwa Ndirangu, yule mzee wa kompyuta mwenye kibanda mkabala na duka langu Ngara. Akaniambia, "Mama Mwende, nakuwekea ile yenyewe, ile ya wakubwa." Akaiweka. Akanionya nisiiunganishe na intaneti, kwa sababu ikiunganishwa wenyewe watajua imevunjwa kufuli. Mimi sikuelewa, nikaona ni ufundi tu. Nilikuletea kompyuta mbele ya kamati nzima, nimejaa furaha, na wewe ukaifungua, ukaisoma, ukaniangalia kwa adabu kabisa. "Mum, hii ni ya wizi. Sasa tutamsifu Mungu na kitu ya wizi?"

Haki ya nani! Mwalimu Kioko alikohoa. Mama Wanjiku alitafuta kitu ndani ya mkoba wake mpaka mkutano ukafungwa. Niliona aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukwambia siku ile. Nilikuwa naringa. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ni wangu.

Halafu ukachukua usukani. Ulinikuta naosha vyombo ukaniambia, "Mum, niimbie ubeti mmoja." Nikaimba. Ukasema rudia. Nikarudia. Kumbe ulikuwa unazijaribu zote kwa ubeti ule ule. Kulikuwa na ya kwenye intaneti, ikala bando yako yote ikaganda. Kulikuwa na ile ya vijana wa kutengeneza midundo, vibonyezo vya rangi kila pembe, ngoma tamu mpaka kiuno kikatikisika chenyewe, lakini mahali pa kuweka sauti ya mtu ulipatafuta mpaka nikamaliza kuosha sufuria. Ile ya Ndirangu ulinifungulia pia, ili nione tu, usije ukanikataza bila sababu. Ilifunguka polepole, ikatuonyesha vitufe vya kutisha kama vya rubani, nikafika katikati ya ubeti ikajifunga yenyewe. Ukaitoa kwa kompyuta mbele yangu. Ikabaki ile ya bure, ya kijivu, yenye mistari mitupu na duara moja jekundu.

"Hii haina sura," nikakwambia.

"Kwani tunaioa, Mum?"

Wewe! Lakini ulinieleza vizuri, na maneno yako nimeyashika mpaka leo. Ulisema, "Hii inafunguka mara moja. Haitaki bando. Stima ikipotea inakuwa imejihifadhi. Na nikikosea, najua ni mimi nimekosea na wapi. Hizo zingine zikikosea sijui kama ni mimi ama ni zenyewe." Nilifunga mfereji nikakuangalia. Watu wazima wa kamati walikuwa wameulizana ni programu gani nzuri kuliko zote duniani. Wewe ulikuwa unauliza ni gani itamshika Mum kabla ya tarehe. Nimeuza mapazia miaka yote hii na bado najikuta namsifia mteja kitambaa cha bei bila kumuuliza dirisha lake liko upande gani wa jua. Ulinifundisha kazi yangu mwenyewe, na hukujua unafundisha.

Na haikuishia hapo. Programu umepata, mahali pa kurekodia huna. Chumbani kwako magari ya Ngong Road yanaingia hata dirisha likifungwa. Kanisani kila neno linarudi mara mbili. Siku moja umekuja kunisaidia dukani, na katikati ya wateja ukapiga makofi, paa! Ukasimama unasikiliza. Ukapiga tena. Mteja mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama uko sawa. Ukageuka, macho yanawaka, ukasema, "Mum, hii duka yako haina mwangwi hata kidogo. Hizi mapazia zinakula sauti." Mimi ninayeshinda humo kila siku sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Wewe ulisikia kwa makofi mawili.

Kwa hivyo tulienda Ngara Jumapili alasiri, maduka yamefungwa, tukashusha mlango wa chuma na kujifungia ndani na marobota ya vitambaa. Na kina mama wa kwaya wakaja wamevaa majoho! Majoho kamili, na kola nyeupe, na wengine wamepaka rangi ya mdomo. Ulipowaambia ni sauti tu inarekodiwa, hakuna kamera, Mama Wanjiku alikujibu, "Mtoto, mimi siwezi kuimba vizuri nikiwa nimevaa ovyo." Hukubishana naye. Ulimsogezea kiti, ukamwambia joho limempendeza, ukamwomba tu avue bangili kwa sababu zinalia. Nilikuona. Kuna watu wamesomea kuongoza wenzao na hawajui kusema jambo kama hilo bila kumchoma mtu. Joto lilikuwa la kutokota, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ulikuwa umewafanya wote wajione wageni wa heshima.

Sasa nifike mahali ambapo kila nikikumbuka moyo hunijaa. Ulinivalisha zile za masikioni, na humo ndani kulikuwa na mlio, tik, tik, tik, wa kuhesabu mapigo. Ulikuwa umesoma kila mahali kwamba anayeanza lazima arekodi na mlio huo, la sivyo mambo yatavurugika. Nikajaribu. Nikashindwa. Sisi tunaimba kwa kuangalia mkono wa Mwalimu Kioko na kwa kuvuta pumzi pamoja, mwisho wa mstari tunapunguza mwendo mpaka kila mtu amefika. Mlio ule ulikuwa hausubiri mtu. Nilijaribu tena, nikaanza kukohoa, nikashika shingo, nikaingiwa na woga kwamba siku zimekwisha na nimeshindwa kwa sababu ya tik tik. Nikakwambia tuache, turudi nyumbani.

Ukaja, ukanitoa zile za masikioni taratibu, ukazima mlio. "Mum, imba vile unaimbanga. Kompyuta itakungoja."

Mwanangu. Nimeombewa na wachungaji, nimefarijiwa na watu wenye maneno mazuri sana, na hakuna aliyewahi kunipa sentensi kama hiyo. Niliimba ule wimbo wa Mwalimu Kioko kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukohoa, na wenzangu wakaingia kwenye kiitikio, na wewe ukabonyeza kusimamisha. Mama Wanjiku alikuwa analia na rangi yake ya mdomo imefika kidevuni. Wiki hiyo hiyo nikaingia hospitali.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui yalivyokuwa kwa upande wangu. Nilitoka hospitali nikinong'ona. Minong'ono ikawa sauti, sauti ikabaki chini, nzito, yenye mikwaruzo. Namshukuru Mungu kwamba niko hai, nasema kweli, lakini kila nikijaribu kupanda pale juu nilipozoea kukaa, hapakuwa na kitu. Ulikuja na kompyuta ukitabasamu, "Mum, nimemaliza kuisafisha, sikiza." Nikakwambia uizime. Ukasema hata kidogo tu. Nikakupigia kelele kwa ile sauti mbovu, na tulipoisikia sote wawili tulishtuka. Nikaacha kwaya. Jumapili nikarudi kukaa nyuma kabisa, pale nilipokaa nilipokuja mara ya kwanza, nafungua midomo na sitoi sauti.

Hukunisukuma, Mwende. Watoto wengine wangenihubiria. Ulisema tu, "Itakaa hapo," ukaiacha kwa skrini na jina MUM kwa herufi kubwa, ukaendelea na kazi yako. Ukarekodi vijana wa Sunday School. Ukarekodi kwaya ya Kawangware iliyosikia habari zako. Wote kwa programu ile ile isiyo na sura. Marafiki zako walikuwa wanabadilisha programu kila mwezi, wanaonyeshana vitufe vipya, na hakuna aliyemaliza wimbo. Wewe ulimaliza. Hao wa Kinoo walikuita kwa sababu walisikia kazi zako, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ulizipikia kwa sufuria gani.

Sasa hiyo kubwa. Unaniambia utakuwa mtoto wa nasari. Basi kuwa! Mara ya kwanza ulikuwa mtoto wa nasari na tarehe ya daktari juu ya kichwa chako, na kamati nzima ya wazee inakuchelewesha. Sasa una studio, una mtu wa kumuuliza, na hakuna anayekufa. Si ni wewe uliniambia kwamba ndani zote ni kitu kimoja, kuna mistari, kuna pa kurekodi, kuna pa kukata? Siku ya kwanza usijifanye unajua. Waulize. Na wakikucheka, wacheke, kisha chumba kikinyamaza upige yale makofi yako mawili. Hiyo haimo kwenye programu yoyote, kubwa wala ndogo. Wao wana vitufe. Masikio ni yako, na ile namna yako ya kumwambia Mama Wanjiku avue bangili.

Mimi nakuogopea mambo mengi, usiku nikizima taa nayahesabu, lakini hili halimo. Kwa hili nakuangalia kama vile watu huangalia mlima.

Kuna jambo moja zaidi na nasikia tayari watu wanacheka huko barabarani, kwa hivyo niliseme upesi. Ulipotoka leo, kompyuta uliiacha mezani. Nilikaa nayo. Nilisema, huyu mtoto anaogopa kuanza upya, na anayemwambia asiogope ni mwanamke aliyeacha kuimba kwa sababu amepewa sauti nyingine. Uso wangu ulipata moto. Nikafungua MUM. Kwa kweli ilifunguka mara moja kama ulivyosema, hata mimi sikupotea.

Nilidhani nitalia, na nililia kidogo, sikufichi. Lakini halafu nikaanza kusikiliza kama mwimbaji. Huyo mama ana sauti tamu jameni, lakini ubeti wa pili anaharakisha! Na nikasikia kitu kingine. Siku ile wanaume hawakuja Ngara, duka lisingetosha. Juu kumejaa, katikati kumejaa, na chini hakuna mtu. Pale chini pamekaa patupu muda wote huu.

Nikavaa zile za masikioni. Nikabonyeza duara jekundu. Nilikosea mara kadhaa, na mahali fulani utasikia baba yako anauliza chumvi iko wapi, samahani, sikujua kukata. Lakini nilifika mwisho. Kwa hivyo ukiifungua kule Kinoo utakuta mstari mpya chini ya mingine yote, mzito, wenye mikwaruzo, hauna jina. Usidhani kompyuta imeharibika, usiufute. Ni mimi,

Mama yako